Shahidi wa Kiti cha Mhelela

Muhula wa saba wa Bunge la Jimbo la Nyika Kuu ulipaswa kwisha baada ya miaka mitano. Sasa ni mwaka wa tisa. Wajumbe ni thelathini na tisa, na kati yao kumi na wanne wamekufa. Mmoja wa hao kumi na wanne ni mume wangu, Nehemia Chidawali, mjumbe wa kata ya Mhelela. Tulimzika nyuma ya nyumba, upande wa zizi, miaka miwili na miezi minane iliyopita. Jumanne ninayoisimulia alikuwa na kikao saa nne asubuhi.

Gari la Bunge lilifika mapema kama kawaida yake. Gari lenyewe halina dereva. Linasimama nje ya ua, linafungua mlango wa nyuma, linasema kwa sauti ya kike, "Shahidi wa kiti cha Mhelela, karibu," halafu linangoja, na linaweza kungoja mpaka mbuzi walizoee na kulala chini yake. Nilikuwa sijamaliza kufunga kitenge. Mjukuu wangu Mgoli alikuwa barazani anapepeta uwele kabla ya kwenda kufundisha, na alitikisa ungo kwa nguvu kuliko uwele wenyewe ulivyohitaji.

"Bibi, unakwenda kusema Ndiye tena?"

"Nakwenda kumsalimu babu yako."

"Babu tulimsalimu tukamaliza. Tukatupa na udongo juu yake." Aliweka ungo chini. "Mimi nina miaka ishirini na sita. Unajua nimepiga kura mara ngapi?"

Nilijua. Uchaguzi wa mwisho alikuwa na miaka kumi na saba, akabaki nyumbani anachunga mtoto wa jirani wakati sisi tuko kwenye foleni.

"Wanafunzi wangu wa darasa la tatu wanachagua kiranja kila muhula," alisema. "Wakimchoka wanamtoa. Mwalimu wao hana haki hiyo."

Nilimwambia afunge mdomo na aangalie mbuzi wasiingie kwenye uwele. Nilimwambia kwa ukali. Mtu akikuambia jambo ulilokwisha kujiambia mwenyewe, hasira inakuja upesi zaidi.

*

Kwenye Bunge lile, sisi jamaa wa marehemu tuna chumba chetu. Kina viti vya kitambaa cha kijani, meza ya chai, maandazi yaliyofunikwa na kawa, na picha za wajumbe wote ukutani. Picha za waliokufa hazina alama yoyote. Tumezoeana humo kama wagonjwa wanaokutana kliniki kila mwezi. Kuna mzee mmoja anayekuja kwa ajili ya mkewe, kuna watoto watatu wa mjumbe wa Ilindi wanaopokezana, na waliobaki ni wajane.

Kazi yetu ni moja. Kabla ya kila kikao cha kupiga kura, shahidi anaingia ukumbini, anasimama mbele ya kiti cha marehemu wake. Kwenye kiti kuna kisanduku cheusi cha ukubwa wa mkate, kimewekwa juu ya mto ili kisiteleze. Shahidi anauliza maswali matatu anayoyachagua mwenyewe. Kisanduku kinajibu kwa sauti ya marehemu; hicho kinachosema ndani yake tunakiita kivuli. Shahidi akiridhika anasema "Ndiye," taa ya kijani inawaka, na mjumbe anahesabiwa kuwa yupo. Akisema "Siye," kivuli kinafutwa saa ile ile. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kusema Siye.

Mama Mazoya, mjane wa mjumbe wa Chanhumbi, alikuwa amekaa mahali pake karibu na chai. Ni mwanamke mnene, mcheshi, hajawahi kurudia rangi ya kilemba.

"Yerusa, leo umenuna kama uliyemeza ndimu. Njoo ule andazi."

"Umeshaandaa maswali?"

"Mimi? Namuuliza alipenda mboga gani, mama yake aliitwa nani, na viatu anavaa namba ngapi. Kuna faida gani kumtega mtu aliyekufa? Ananijibu, tunacheka, narudi nyumbani nimesikia sauti ya mwanaume."

Wote walicheka, na mimi nilicheka kidogo. Halafu nikanyanyua macho kwenye kioo cha ukutani kinachoonyesha orodha ya shughuli za siku. Nilisoma mpaka darasa la saba, na nasoma kama ninavyochambua mchele, punje kwa punje. Nikasoma: Hoja ya Kuongeza Muhula wa Saba kwa Miaka Mitano Mingine. Chini yake: Mtoa hoja, Mheshimiwa Nehemia Chidawali, Mhelela.

Nilisoma tena kuanzia mwanzo. Nilishuka na kidole hewani ili nisiruke mstari. Jina halikubadilika.

Lazima niseme jambo hapa. Walipoongeza muhula mara ya kwanza, mwaka ule wa tano, walisingizia ukame. Nehemia alikuwa hai. Alisimama akapinga dakika arobaini bila kunywa maji, na Spika akamkatiza mara sita, na mara zote sita alianza tena pale pale alipoachia. Alirudi nyumbani sauti imekauka kabisa. Nilimchemshia tangawizi, na kwa siku mbili alikuwa akiniandikia mahitaji yake kwenye daftari la mjukuu. Ukurasa wa kwanza aliandika: "Hawa hawatatoka mpaka watolewe." Huyo ndiye waliyemwandika kuwa mtoa hoja.

Katibu wa Bunge alipita mlangoni na makaratasi. Anaitwa Bwana Sekwao. Ni mtu mpole, suti yake haina mkunjo, na anakuamkia hata kama mmeamkiana dakika tano zilizopita.

"Shikamoo, Mama Chidawali."

"Marahaba. Bwana Sekwao, hili jina hapa ni la nani?"

Aliangalia kioo kana kwamba hajakiona tangu asubuhi. "La Mheshimiwa, mama."

"Mheshimiwa alipinga jambo hili hapa hapa. Wewe ndiye uliyekuwa unaandika."

"Ni kweli. Lakini Mheshimiwa amebadilisha msimamo. Binadamu hubadilika, mama."

"Binadamu, ndiyo."

Mama Mazoya aliacha kutafuna. Bwana Sekwao akakunja karatasi zake kwa upole akaketi kwenye ukingo wa kiti karibu nami.

"Nikueleze kwa uwazi kwa sababu nakuheshimu. Hoja inahitaji kura ishirini na sita za wajumbe. Zipo ishirini na sita kamili, pamoja na ya Mheshimiwa. Ukimkataa leo, hoja inaanguka. Kata ya Mhelela inabaki bila mjumbe, na daraja lenu liko kwenye mpango wa mwaka huu. Na wewe mwenyewe hutamsikia tena. Hakuna nakala. Sheria haikuruhusu nakala." Akasimama. "Fikiri kama mke, mama. Siasa tuachie sisi."

*

Sikufikiri kama mke. Nilikwenda kwenye chumba cha mitambo, ambako jamaa hawaruhusiwi kuingia, na hakuna aliyenizuia kwa sababu mwanamke mzee aliyevaa kitenge anadhaniwa anatafuta choo.

Fundi alikuwa mwanamke wa makamo, Semkiwa jina lake, anakula sambusa juu ya karatasi ili mafuta yasidondokee mashine. Kulikuwa na baridi humo kama ndani ya friji. Nilimwambia mimi ni nani. Aliacha kula.

"Nataka unieleze kitu kimoja, mwanangu. Huyu mume wangu mmemfanya nini?"

"Sisi hatumgusi, mama. Sheria imekataza mtu kubadilisha kivuli kwa mkono."

"Basi amebadilikaje?"

Alitazama mlango. Halafu akavuta kiti cha pili na kukipangusa, nikajua ataniambia.

"Kivuli kinaanza na yale aliyoyasema marehemu. Hotuba, simu, barua za sauti, mazungumzo ya nyumbani. Hayo ni udongo mbichi. Kinachoukausha ni neno la shahidi. Kila unaposema Ndiye, majibu yake matatu ya siku ile yanaanza kukauka, na yanayofanana nayo yanakauka pia. Ukiyakubali majibu ya kweli, kinakauka kwenye umbo la mtu mwenyewe. Baada ya hapo hata ukikimwagia nini, hakibadiliki."

"Na nikiyakubali ya uongo?"

"Neno lako linagongana na sauti zake mwenyewe zilizomo ndani, kinabaki kibichi. Kinajifunza kwamba kikisema jambo zuri kuliko lililotokea, kinakubaliwa. Na kila wiki ofisi ya Spika inaleta hotuba zake visikilize, vivuli vyote kumi na vinne. Kusikiliza si kubadilisha kwa mkono, kwa hiyo sheria haijavunjwa. Kilichokauka kinasikiliza na kukataa. Kibichi kinashika umbo."

Aligusa kioo chake. Ilitokea picha kama mti, matawi mengine meupe, mengine mekundu. Akaniuliza tarehe ya ushahidi wangu wa kwanza nikamtajia. Alifuata tawi moja jekundu kwa ukucha mpaka chini kabisa.

"Hapa ndipo ulipoanza ubichi. Siku ya kwanza kabisa, swali la tatu. Mama, siku hiyo ulimuuliza nini?"

Sikuhitaji kukumbuka. Tulikuwa na mtoto mmoja tu, Mbeleje, mama yake Mgoli. Alifariki akijifungua kwenye kituo cha afya cha Mhelela, akiwa na miaka ishirini na mmoja. Ulikuwa muhula wa tatu wa Bunge na Nehemia alikuwa mjumbe mpya. Nilimpigia asubuhi, akasema kuna kura saa sita, atatoka baada ya kura. Mbeleje alifariki saa saba. Tulikuwa tumemshika mimi na muuguzi mmoja. Nehemia alifika magharibi na tai shingoni. Tangu siku hiyo, kila mwaka ikifika tarehe ile, aliniambia maneno matatu tu: "Sikuwepo, mke wangu." Hakuongeza sababu. Kwa maneno hayo nilimsamehe, polepole, kwa miaka mingi.

Siku ya kwanza ya ushahidi nilikiuliza kisanduku: Mbeleje alipofariki ulikuwa wapi? Kikajibu kwa sauti yake ile ile nzito, "Nilikuwepo, Mama Mbeleje. Nilimshika mkono."

Na mimi nikasema Ndiye.

Kwetu mke hamsahihishi mume mbele ya wageni. Akikosea mwaka, akikosea jina la shemeji, akijisifia ng'ombe ambaye si wake, unanyamaza na kumimina chai. Wageni wakiondoka, vyombo vikishaoshwa, ndipo unamwambia. Niliishi hivyo miaka arobaini na saba, na alikuwa ananisikiliza. Siku ile Katibu alikuwa pembeni na karatasi yake, Spika yuko juu, wajumbe wamenitazama. Nikanyamaza kama nilivyofundishwa. Na kusema kweli, kulikuwa na kitu kingine. Nilitaka kiwe kweli. Nilitaka mara moja tu mtu aniambie kwamba alikuwepo.

Ila wageni hawakuondoka. Hapakuwa na nyumba ya kurudi na kumsahihisha. Nikaja tena mwezi uliofuata, nikauliza mepesi, nikasema Ndiye, na ule uongo wangu ukabaki chini pale unakaa na maji.

"Na wengine?" nilimuuliza fundi.

"Kumi na watatu waliobaki?" Alinionyesha. Miti yote ilikuwa myekundu kama shamba la pilipili. "Hakuna anayetaka kumwaibisha marehemu wake, mama. Waliotunga sheria walilijua hilo. Ndiyo maana wakasema mashahidi wawe jamaa."

Nilikaa kwenye kile kiti nikasikia hasira ikipanda kutoka miguuni. Walituchukua na adabu yetu, ile tuliyofundishwa na mama zetu jikoni, wakaigeuza kuwa kamba ya kufungia jimbo zima.

"Kinaweza kurudishwa nyuma? Kukaushwa upya?"

"Hapana. Ndiye au Siye, hakuna neno la tatu." Alikunja karatasi ya sambusa mara nne. "Ukisema Siye, mimi ndiye ninayefuta. Nitakuwa pale pembeni. Sitachelewesha, kwa sababu ukinipa nafasi na mimi nitaogopa."

*

Ukumbi ulikuwa umejaa. Wajumbe walio hai walikuwa wanazungumza na simu zao, na kwenye viti kumi na vinne vile visanduku vimekaa juu ya mito yao kama watoto wa kanisani. Spika Magawa, mtu mrefu mwenye joho la zambarau, alikuwa ameshasoma sala. Mashahidi watatu wa mwanzo walisimama, wakauliza, wakasema Ndiye, Ndiye, Ndiye. Taa zikawaka. Nilikuwa wa nne, na Mama Mazoya nyuma yangu.

"Shahidi wa Mhelela," alisoma Bwana Sekwao.

Nilisimama mbele ya kiti. Walikuwa wamelitundika koti lake la kijivu kwenye mgongo wa kiti. Kifungo cha pili kutoka juu nilikishona mimi, kwa uzi mweusi kwa sababu wa kijivu uliisha.

"Mama Mbeleje," kisanduku kilisema. "Umechelewa leo. Magoti?"

"Magoti ni mazima." Sikuwa nimepanga kukijibu. "Swali la kwanza. Siku ya harusi yetu mvua ilinyesha?"

"Ilinyesha mpaka mchungaji akahubiri amesimama juu ya benchi. Na shangazi yako akalala na viatu mkononi ili visichukuliwe na maji."

Watu walicheka. Nami nilikaribia kucheka, kwa sababu jambo la shangazi nilikuwa nimelisahau mimi mwenyewe, na hakuna mtu mwingine duniani aliyebaki wa kunikumbusha. Nilishika mgongo wa kiti. Kama kingekosea ingekuwa rahisi.

"Swali la pili. Mbeleje alipofariki, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo. Nilimshika mkono."

"Hukuwepo."

Bwana Sekwao alisogea hatua moja. "Mama, shahidi anauliza. Habishani."

"Hukuwepo, Nehemia. Ulikuwa hapa, kwenye kiti hiki, unangoja kura ya saa sita. Alikuita mara mbili. Nilimwambia uko njiani, nikamdanganya mtoto wangu dakika zake za mwisho. Ulikuja magharibi na tai. Ukavua tai mlangoni, ukaitia mfukoni kwa sababu hukujua pa kuiweka."

Kisanduku kikaja na sauti ya chini, ile aliyoitumia tukiwa na wageni na mimi nimekaribia kuvuka mpaka.

"Mama Mbeleje, usiniaibishe mbele ya watu. Tutazungumza nyumbani."

Ilikuwa yeye kabisa. Mkato ule ule, pumzi ile ile kabla ya neno nyumbani. Miaka arobaini na saba sentensi hiyo ilinitosha. Niliona midomo ya Mama Mazoya ikisema taratibu, nyamaza, Yerusa, nyamaza.

"Nyumbani huji," nilisema. "Mwenzako niliyemzika alikuja kila siku. Alikosea, akarudi, akakubali. Wewe hujawahi kukubali kosa hata moja, na mimi ndiye niliyekulea hivyo."

"Muda wa shahidi umekwisha," alisema Spika kutoka juu. "Mama amechoka. Katibu, andika Ndiye."

"Bado swali la tatu, Mheshimiwa Spika. Sheria inasema matatu." Nilikigeukia kisanduku. "Unataka muhula uongezwe?"

"Kwa maslahi mapana ya wananchi wa Mhelela," kilisema, "na kwa kuzingatia mwendelezo wa maendeleo."

Mume wangu hakuwahi kusema maneno hayo hata akiwa na homa.

"Siye," nilisema.

Spika alianza kusema kitu kuhusu utaratibu, na Bwana Sekwao aliinua kalamu bila kuandika, na katikati ya hayo nilimwona Fundi Semkiwa pembeni mwa ukuta akibonyeza kidole kwenye kioo chake bila kumtazama mtu. Kisanduku kilisema, "Mama Mbele," na kikakatika hapo.

Nilikuwa nimedhani nitalia. Nilichofanya ni kulichukua lile koti. Mlinzi alinyoosha mkono kunizuia, nikamwambia, "Hili nililishona mimi," akaushusha mkono, nikarudi nikakaa na mashahidi wenzangu.

Juu kule waliinamiana, Spika na watu wake, wakahesabu kwa vidole kama watoto. Ishirini na tano. Walihesabu tena. Mjumbe mmoja wa upande wa dirishani, kijana aliye hai, alianza kupiga meza kwa kiganja, na mwingine akafuata, na Spika akagonga rungu lake mpaka likamtoka mkononi.

"Shahidi wa Chanhumbi," alisoma Bwana Sekwao haraka. Sauti yake ilikuwa imepoteza upole wote. "Mama Mazoya, tafadhali. Harakisha."

Mama Mazoya hakusimama. Alikuwa ananitazama kwa chuki ambayo sijawahi kutazamwa nayo na mwanamke mwenzangu.

"Umenifanyia nini, Yerusa," alisema, chini kwa chini. "Mimi ile sauti ilikuwa inanitosha."

"Najua."

"Hujui. Wewe wako alikuwa mtu mzuri aliyekosea siku moja."

Alisimama kwa shida, akishika kiti cha mbele. Kisanduku cha Chanhumbi kilimwamkia kwa furaha, kikamwita "ua langu", kikamwuliza amekula. Aliinua mkono akafungua kilemba, taratibu, mkunjo kwa mkunjo, akainamisha kichwa pembeni ili upande wa kushoto uelekee kiti. Juu ya sikio, pale ambapo nywele hazioti, palikuwa na kovu refu kama kidole.

"Sina maswali matatu," aliwaambia walio juu. "Ninalo moja." Kisha akakigeukia kisanduku. "Baba Mazoya, hili nililipata wapi?"

Nilisogeza magoti yangu pembeni, nikampisha asimame karibu zaidi.